Mabua Laini

Kijijini Ukata, Jumapili jioni

Na sasa Mama ameshaiambia jumuiya nzima. Leo baada ya misa ametangaza kwamba mwanawe anatengeneza mahindi yenye mabua laini huko maabara, Morogoro. Watu wakapiga makofi. Nikatabasamu kama mjinga.

Nimejitakia mwenyewe. Juzi nilimweleza kwamba tunabadilisha vinasaba vya mahindi, ili sukari zilizo kwenye kuta za seli ziwe za aina nyingine na bua lisagike upesi tumboni mwa ng'ombe. Yeye alishika neno moja tu: laini.

Jana tulikuwa mtelemkoni tukitengeneza ngoro, yale mashimo ya mraba yenye matuta pande zote ya kuzuia mvua isizoe udongo. Mimi nililaza majani na mabua ya mwaka jana yakatane na kufanya miraba, Mama akayafukia kwa udongo kuzunguka kila shimo. Nikajaribu kuvunja bua moja, likagoma. Hapo ndipo nikaelewa. Ugumu huu ndio unaoshikilia matuta mvua zikishuka. Bua langu litaoza mapema, na tuta likilegea, shamba lote...

Maabara hatujawahi kupima hilo. Tumepima tumbo la ng'ombe tu.

Nikaanza: "Mama, haya mabua magumu..."

"Najua, baba," akasema, akinyoosha mgongo. "Yanatuchosha. Ukileta ya kwako tutapumzika."

Nikaendelea kulaza mabua.

Kesho narudi Morogoro. Ameshanifungia maharage. Anaomba nimletee mbegu, hata kiganja kimoja, aanze na shamba la juu, lile lenye mtelemko mkali kuliko yote.