Jiwe la Mpaka Nyumbani kwa Shemeji

Jumanne, 4 Machi
Magoti yanalalamika, lakini leo nimelipata. Jiwe la saba! Miezi miwili nimelitafuta kwa miguu, kichochoro kwa kichochoro, kumbe liko kwenye pembe ya baraza ya shemeji, mjane wa marehemu kaka, ambako nimekunywa chai miaka thelathini. Linafika gotini, tarakimu ya 7 imejaa chokaa. Zamani mji uliishia hapo. Kila baada ya hatua mia tatu waliweka jiwe. La tatu, fundi viatu analigongea misumari. La tano limo ndani ya ukuta wa choo.

Jumatano, 5 Machi
Nimemweleza shemeji taratibu. Barabara itapanuliwa, baraza na chumba chake cha mbele vimo kwenye mchoro wa kubomolewa. Ila jiwe likiandikishwa kama kitu cha kale likiwa mahali pake, sheria inawalazimu wajenzi kuipindisha barabara.
Akasema, yaani miaka yote hii anaanika madekio juu ya mwokozi wake?
Nikaeleza pia jinsi mawe haya yanavyoibwa. Nikaeleza sana. Nikamaliza kwa kusisitiza: lisiguswe, na mtu yeyote akiuliza, yeye aseme hajui lolote.

Ijumaa, 7 Machi
Simu tatu, ofisi mbili, na bawabu aliyetaka barua kutoka kwa mwenye jiwe. Nikamwambia mwenye jiwe amekufa miaka mia iliyopita. Akataka cheti cha kifo.
Hata hivyo, afisa wa mambo ya kale atakuja Jumatano.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekwenda na brashi kulisafisha. Halipo. Kwenye pembe ya baraza kuna saruji mpya, laini kama sahani.
Shemeji akanivuta ndani, akafunga mlango, akainua kitambaa cha meza ndogo ya sebuleni. Si meza. Ni jiwe, limeogeshwa kwa sabuni, juu yake sinia. Anasema watu wawili walipita wakilikodolea macho, akaogopa. Mwashi jirani akalichimbua bure, kwa heshima ya marehemu kaka, na shimo akaliziba vizuri.
"Si ulisema lipo hatarini, shemeji?"
"Nilisema lisiguswe."
"Mimi sikuligusa. Kaligusa fundi."
Nimehesabu kimoyomoyo hadi ishirini. Nikaeleza kwamba jiwe la mpaka likitoka mahali pake ni jiwe tu, kama la kuzuia mlango. Akauliza: likirudishwa, litakuwa la mpaka tena? Nikafungua daftari badala ya kueleza. Jambo la nadra.
Bahati nzuri nilipima na kuchora siku ile ya kwanza. Mwashi ataanza kuvunja saruji yake kesho asubuhi, jiwe lirudi mahali pake. Naye kanuna, anasema ni kazi safi kuliko zote alizofanya mwaka huu.

Jumanne, 11 Machi
Naandika sebuleni kwa shemeji. Afisa kaja leo! Alikuwa mitaa ya karibu, akaona apitie. "Shikamoo, mwalimu." Nilimfundisha historia mwaka mzima wa darasa la mwisho. Anakumbuka hata somo: kitu cha kale kikihamishwa kinapoteza nusu ya ushahidi wake. Anasema ndiyo sababu alichagua kazi hii.
Kamuuliza shemeji jiwe liko wapi.
"Jiwe gani tena, mwanangu? Hapa tuna yale ya jikoni tu."
Kwa mara ya kwanza maishani amefuata maelekezo yangu neno kwa neno.
Afisa kanigeukia. Nimeomba dakika moja nitazame daftari, ndiyo hii ninayoitumia kuandika. Kafungua fomu juu ya magoti. Kikombe chake kakiweka juu ya kitambaa cha ile "meza".
Nje nyundo ya mwashi imeanza. Afisa anauliza wanavunja nini.
Shemeji ananitazama, anasubiri nieleze.