Lori la Baba Limepata Pumzi

Mukuyuni, Makueni,
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa ndugu yangu Muindi,

Bwana asifiwe. Pokea salamu za nyumbani, za moto kama jua letu la mwezi huu. Uko salama huko Doha? Kile kifua kilichokusumbua kimepona? Na je, unapika, au bado unashindia mkate na soda? Ukinijibu kwamba u mzima nitaamini nusu, maana wewe hata ukiwa na malaria ulikuwa ukisema ni uchovu.

Sisi hatujambo. Mama yuko vizuri isipokuwa magoti, na magoti yenyewe hupona kila Jumapili akisikia kengele ya kanisa. Wanangu Ndila na Muthama wanasoma. Mvua bado, na vumbi limetuzoea.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Ismahan, binti wa Hamud, yule mfanyabiashara wa mbuzi wa Kyuso, alikuwa nyumbani likizo na sasa anarudi kazini huko kwenu. Nikaona asije mikono mitupu. Tena kwenye simu wewe una haraka. Nikianza habari ya pili, unaniambia bosi anakuita.

Habari kubwa ni lori la Baba. Mwezi uliopita nililipeleka kwa ukaguzi wa kila mwaka. Breki zikapita, taa zikapita, nikaanza kujisifu moyoni. Kisha wakachomeka kifaa chao kwenye bomba la moshi, wakaniambia nikanyage mafuta. Muindi, ule moshi! Mweusi, mzito, kama wa tairi linaloungua. Mkaguzi alirudi nyuma akipangusa macho, akaniambia, "Mama, hii lori imefeli. Enda utengeneze moshi ndio urudi." Nikarudi nyumbani polepole, nimejaa aibu. Bila kupita ukaguzi haliruhusiwi kubeba mzigo, basi ndengu za shangazi Syokau zikabaki Kyuso, na Hamud, ambaye mbuzi wake nawabeba mimi, akawa ananipigia kila asubuhi kuuliza hali ya lori kama anayeuliza hali ya mgonjwa.

Ndipo nikakupigia, nawe ukasema liuzwe, ni kuukuu, tusijisumbue. Wakati ule nilikuwa namtazama Mama akipangusa kioo cha lori kwa leso. Siku ulipoondoka ulimwambia lori hili ni lako na utarudi kuliendesha. Kwa Mama, lori likiondoka hapa uani, nawe hutarudi tena. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu. Moshi ulikuwa shida ya fundi.

Fundi ni Nzomo, yule wa hapa sokoni mwenye sauti kubwa. Alianza na nozeli zinazonyunyizia dizeli. Akazisafisha, moshi ule ule. Akabadilisha filta ya hewa, moshi ule ule. Akaikagua pampu, akakuna kichwa, akasema hata usingizini anaona moshi. Mwishowe akaja hapa nyumbani, akafungua mpira unaopokea hewa kutoka lile bomba refu lililosimama nyuma ya kebini. Akaniambia niwashe, nikanyage. Moshi ukakatika! Injini ikanguruma kama zamani, ile sauti tuliyokuwa tukiisikia tukajua Baba anapandisha mlima na ni wakati wa kuweka chai motoni. Nzomo akapiga makofi: "Hii lori si mgonjwa! Imezibwa mapua!"

Akapanda juu, akang'oa kofia ya bati ya lile bomba, akaingiza mkono. Tulidhani ni kiota cha ndege. Alichotoa ni vikapu vitatu vya sisali, vidogo, vimesukwa kwa ustadi na kuingizwa kimoja ndani ya kingine, vimeshika vumbi mpaka vimekuwa vigumu kama tofali. Nikageuza ukingo, nikaona uzi wa buluu. Wewe unajua ni nani anayemalizia viondo vyake kwa uzi wa buluu hapa Mukuyuni.

Ni wewe uliyemwambia, Muindi. Siku ile ya kuondoka, Mama alipokuwa analia, ulimpa kazi ili anyamaze. Ulimwambia achunge vumbi lisiingie kwenye injini, maana vumbi ndilo linaloua lori. Ulisema ukasahau. Yeye hakusahau. Lori tunaliegesha chini ya tuta la shamba, na ukisimama juu ya tuta, mdomo wa lile bomba unakufika kifuani. Hakuhitaji ngazi wala kuuliza mtu. Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini mama yetu aliziba mpaka akapitiliza.

Nilitaka kuvificha chini ya kiti, lakini Mama alikuwa amekwisha kufika na birika la chai. "Mbona mmetoa?" akauliza. "Hiyo ni ya mwana wakwa, ya Muindi." Nzomo, Mungu ambariki, akashuka na kupunguza ile sauti yake. "Mwaitu, hii imefanya kazi sana. Angalia vumbi yenye imeshika. Saa hii imeshiba, ndio lori inakosa hewa." Mama akavichukua, akavikung'uta kwa goti, akaingia navyo ndani. Chai ikapoa pale juu ya jiwe.

Jioni tukichambua maharagwe akaniuliza, "Mbithe, ni mimi nilifanya lori ifeli?" Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia ndiyo, Mama, lakini hukujua. Akachambua kidogo, kisha akasema, "Kila mwaka Muindi akisema anakuja Krismasi na hakuji, nilikuwa nasuka moja naongeza. Nilikuwa nangoja akuje atoe yeye mwenyewe."

Hapo nililia. Mimi ambaye hata mazishi ya Baba niliyapita nimekaza uso, nililia kama mtoto juu ya sinia la maharagwe. Yeye ndiye aliyenibembeleza.

Nzomo ameweka wavu wa waya mahali pa vile vikapu, na nimelirudisha lori kwa ukaguzi. Mkaguzi alinitambua, akasimama mbali kabisa. Hakukuwa na sababu. Limepita! Ndengu za shangazi zimefika, na Hamud sasa ananipigia kunihimiza badala ya kunipa pole.

Nilipobandika stika ya ukaguzi kiooni Mama akauliza ni ya muda gani. Nikamjibu ni ya mwaka mmoja, kisha tutaenda tena kukaguliwa. Akaigusa kwa kidole, akasema, "Basi mwambie ako na mwaka moja. Hiyo ingine atapeleka yeye."

Kwa hiyo siliuzi, na usiniambie tena. Sikulaumu, ndugu yangu. Najua kazi ya huko ni ngumu na ruhusa haipatikani kirahisi. Lakini nimezoea wewe kuahidi, naye Mama kuamini, na sasa nimeona imani yake ikitolewa kwenye bomba kwa mkono wa fundi. Nakukosa pia, ingawa huwa sisemi.

Ndani ya mzigo huu kuna kimoja cha vile vikapu, kimejaa ndengu. Mama amekifua na kukifua, bado kinanuka dizeli. Ukipika hizo ndengu usizijaze chumvi kama kawaida yako.

Shangazi Syokau anakusalimu, Nzomo pia, na Ndila na Muthama wanauliza kama Doha kuna mbuzi. Mungu aliyekuvusha akulinde barabarani, akupe nguvu mchana na usingizi usiku, akuelekeze uso wako nyumbani.

Karibu nisahau. Mama amesimama hapa mlangoni, anasema nisifunge bahasha kabla sijaandika hili: kikapu cha nne hasuki.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mbithe.