Shikamoo kwa Figo Yako

Kaka Anaeli,

Shikamoo. Maji nimekunywa, lita tatu. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo ungeniuliza kwanza.

Tangu lori lilipopinduka nawe barabara ya Moshi, mengi yamebadilika. Maua ya Usa River sasa anayapeleka uwanja wa ndege dereva mwingine. Mama amejengewa jiko la matofali. Mimi bado nimepanga chumba Kijenge, peke yangu.

Unakumbuka tulivyorudi kutoka India, mimi nimeshonwa chini ya tumbo, wewe ubavuni? Uliniambia, "Hiyo figo niliyokupa ni kaka yako, imekuzidi miaka sita. Kila asubuhi uiamkie." Nilicheka mpaka mshono ukauma. Lakini niliiamkia, nawe ukaitikia kwa niaba yake, sauti nzito kama ya mchungaji: "Marahaba. Umekunywa maji?"

Siku hizi naamkia, hakuna anayeitikia.

Kaka, nilikwenda kwenye mashindano. Yapo, ya kimataifa, ya watu waliopandikizwa viungo kama mimi. Yule daktari aliyetupasua India aliniandikia habari zake. Nikaanza mazoezi asubuhi, kwenye barabara ya vumbi, watu wakinipigia kelele, "Dada, nani anakufukuza?" Hao hawakuniumiza. Aliyeniumiza ni mama. Alisema, "Hicho ndicho kipande cha mwanangu kilichobaki juu ya ardhi. Ukianguka huko, nitamzika mara ya pili." Siku ya safari hakutoka hata mlangoni. Nikaondoka bila baraka zake.

Siku ya ufunguzi, waliopokea waliandamana na waliowapa. Mume kamshika mkewe, baba kamshika bintiye. Mimi nilibeba bendera yetu, peke yangu kutoka Tanzania nzima, na mkono wa pili sikujua niuweke wapi. Nikauweka tumboni, pale ulipo.

Nilikimbia mita mia nane. Pale mstarini nilisema, "Shikamoo, kaka," kwa sauti, hadi mwanamke wa pembeni akageuka kunitazama. Nikawa wa mwisho kasoro mmoja. Usicheke. Wewe uliyekuwa ukinibeba mgongoni kunipeleka choo cha nje nilipougua, ningependa ungeiona miguu yangu siku ile.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Hakuuliza habari za medali. Alikuwa anamenya ndizi. Akafuta mikono kwenye kanga, akaweka kiganja tumboni mwangu.

"Amechoka?" akaniuliza.

"Hajachoka, mama."

Akalia. Nami nikalia. Halafu akanisogezea kisu kingine, tukaendelea kumenya.

Kuna jambo moja sijamwambia. Mwezi ujao nafikisha umri uliokufa nao. Baada ya hapo nitakuwa nakuzidi, mwaka hadi mwaka, na wewe utabaki palepale. Sijui kaka anakuwaje mdogo. Nikifikiria hilo naona chumba changu kimekuwa kikubwa mno kwa mtu mmoja.

Basi pumzika, Anaeli. Maji nitakunywa, hilo nakuahidi. Na hata nikiota mvi, kila asubuhi atakayetoa shikamoo ni mimi.

Mdogo wako,
Eliamani