Miaka Kumi na Tano ya Mama

Kaka Melkiori,

Umelala kaburini Butihinda mwaka wa pili sasa, na mimi bado nakuonea wivu. Naliweka hili mbele, maana nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe. Unanijua, niliishia darasa la nne kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Shule ilibaki yako.

Niko bado Gitega, kwenye kazi uliyonitafutia. Nasukuma vitanda, nabeba mitungi ya oksijeni. Mgongo umeanza kunikatalia. Kwenye mashine yako ya usingizi anakaa Goreti, yule uliyemfundisha. Anakuiga kila kitu, mkono mmoja kwenye kidude cha kuzungushia dawa, mwingine kwenye shavu la mgonjwa. Naye namwonea wivu. Alikaa na wewe miezi. Mimi ulinifundisha mara moja tu, tunakula viazi nyuma ya jiko la hospitali.

"Bosko, dawa hii mgonjwa anaivuta na pumzi," uliniambia. "Kisu kikikata unaongeza, akitulia unapunguza. Kijana anataka nyingi, mzee kidogo. Ukimpa mzee dawa ya kijana, moyo wake unachoka." Nikakuuliza unajuaje huyu ni mzee wa kiasi gani. Ukacheka. "Nasoma faili, halafu namsoma mwenyewe."

Sasa nikwambie ya Mama.

Uvimbe wake wa tumbo ulikua. Muyinga mjini walimpima wakamtuma huku kwetu. Alipofika mlango wa chumba cha upasuaji alisema neno moja tu, "Mimi ni mama yake Melkiori." Kaka, walimzunguka wote. Mfagiaji alilia. Goreti alimshika mikono yote miwili. Mimi nimesimama na mfuko wake wa nguo. Goreti akamwambia, "Mama, na huyu Bosko wetu iko hapa, anatusaidia sana." Mama akanitazama akasema, "Huyu alikuwa mzito wa shule, lakini mgongo anao." Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Goreti akafungua faili, akasoma kitambulisho. Miaka hamsini na nane.

Unakumbuka mpakani Kobero, siku tunarudi kutoka kambini? Mama aliona vizee wanaitwa upande wao, akaogopa akiwekwa nao ataonekana hafai kulima, akose shamba. Alipoulizwa umri akakata miaka kumi na tano bila kupepesa. Wewe ulikuwa na godoro kichwani, ukanikonyeza. Tangu hapo karatasi zote zinafuata ule uongo, na Mama mwenyewe nadhani ameuamini. Wanawake wa jembe wanazeeka mapema usoni, hakuna anayeshtuka.

Goreti akanigeukia. "Bosko, ni sawa hii miaka?"

Nilijua. Sikusahau, kaka, usijaribu kunitetea. Nilijua, na maneno yako ya nyuma ya jiko niliyakumbuka yote. Lakini nilikuwa bado nasikia wanacheka. Nikasema moyoni, mzito wa shule atajuaje hesabu za miaka, wamuulize Melkiori wao. Nikamjibu, "Si imeandikwa?"

Nikamsukuma Mama ndani mimi mwenyewe.

Baadaye nikaleta mtungi. Nikiwa mlangoni nikasikia sauti ya Goreti imebadilika. "Presha inashuka. Daktari, damu inavuja?" Daktari akasema hakuna damu, tumboni ni pakavu. Goreti akasema ameshapunguza dawa kidogo na presha bado inaanguka, lakini anaogopa kupunguza zaidi. "Kwa umri huu ataamka tumbo likiwa wazi." Mkono wake uko kwenye kidude, haurudi, hauendi. Na ile mashine inalia, unaijua inavyolia.

Nikasema, "Ana sabini na tatu."

Hakuniuliza kitu. Alizungusha kidude nyuma palepale, akafungua maji ya mshipa, akamchoma dawa nyingine, akarudisha mkono shavuni. Nilisimama na mtungi begani, nikasahau kuushusha. Sijui ilichukua muda gani. Presha ikaanza kupanda taratibu, na mashine ikanyamaza.

Mama alipozinduka aliita Melkiori. Nilikuwa nimemshika mkono, akaita Melkiori. Iliniuma, hata baada ya yale niliyofanya.

Kisha Goreti akamwambia, "Mama, ni Bosko amekukomboa. Amekumbuka miaka yako." Kaka, jicho alilonitupia Mama siku hiyo nimelingoja tangu nikiwa mtoto. Amerudi Butihinda, na jirani akija anasimuliwa. Kila wiki ananipigia simu. "Bosko aliyeniokoa," ananiita. Kanisani amenitolea shukrani.

Na mimi nashindwa kula. Nilitaka sifa zako maisha yangu yote. Sasa ninazo, na ni za wizi. Zako ulizipata kwa kazi, hata udongo haukukunyang'anya. Ndiyo maana nasema bado nakuonea wivu, labda kuliko zamani.

Goreti hajauliza kwa nini nilijibu vile mwanzo. Nadhani anafikiri nilipitiwa. Mama hajui kabisa.

Wakati wa kuvuna maharagwe nitaomba ruhusa, nipande gari la Muyinga, nifike nyumbani nimwambie Mama uso kwa uso kwamba nilijua na nilinyamaza kwa sababu ya wivu wangu kwako. Goreti nitamwambia kabla sijaondoka. Hii nakuahidi wewe kwa sababu mtu mwingine wa kumwahidi sina. Mama anaweza kunifukuza. Anaweza kusema wewe usingefanya hivyo, na itakuwa kweli. Acha aseme. Siku ile akinitaja, hata kwa hasira, atakuwa anamtaja Bosko mwenyewe.

Pumzika, kaka. Nakuja.

Mdogo wako,
Bosko