Mama Anasema Ningemwambia

Jumamosi, Lufingo. Mvua tangu alfajiri. Nguo nilizofua juzi bado mbichi, na mimi nina hasira.

Nina hasira na mjomba. Alipochukua majibu ya mama hospitalini alituita nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akaamuru mgonjwa aambiwe ni kifua tu. "Ukimwambia, umemuua wewe," akasema, akinitazama mimi. Ndivyo tunavyofanya huku. Mgonjwa ndiye wa mwisho kujua kinachomuumiza, na wengine huzikwa hawajui.

Lakini hasira kubwa ni juu yangu mwenyewe.

Nasomea saratani ya mapafu chuo kikuu. Tunachukua kipande cha uvimbe kingali kibichi, tunakitenganisha hadi zibaki seli moja moja, kisha tunachunguza kila moja inafanya nini. Miaka mitatu nimeishi na seli za watu nisiowajua hata majina. Naweza kukuonyesha zile zinazojiandaa kutoka kwenye pafu zihamie kwenye ini au mifupa.

Mama alikohoa kwenye simu miezi mingi. Nikamwambia ni moshi wa kuni, awe anapikia nje. Nilimjibu hivyo macho yangu yakiwa kwenye kompyuta, nikipanga seli za wengine.

Sasa saratani yake imefika kwenye uti wa mgongo. Mtaalamu mzima mimi!

Leo mchana kina mama wa kanisani walikuja kumjulia hali. Mmoja akamsihi aende Mbeya kama daktari alivyoandika, asichelewe. Mama akanishika mkono.

"Ndaga, asante, dada yangu, lakini siendi. Huyu si ndiye anasomea mapafu? Ingekuwa kitu kibaya, angeniambia."

Wote wakanigeukia. Nikatabasamu.

Nilitabasamu kweli, kisha nikawaongezea chai.

Kumbe ukimya wangu ndio majibu yake ya hospitali. Jumatatu anataka kwenda kupalilia viazi, na mgongo unaomuuma anasema ni uzee. Huko Mbeya hawatamponya, hilo nalijua kuliko wote hapa nyumbani. Wangempunguzia maumivu, basi. Hata nafuu hiyo nimemnyima.

Kesho akitoka ibadani nitamwambia, tukiwa wawili tu. Mjomba atanilaani, na anilaani.

Simwogopi mjomba. Namwogopa mama, atakaponiuliza nimejua tangu lini.