Gauni la Zizini

Old Moshi, Novemba

Mdogo wangu Isack,

Vuli imeanza vizuri na ng'ombe wa Mama amezaa ndama jike. Migomba ya nyuma imeanguka kwa upepo.

Wiki iliyopita nilishuka Moshi mjini kwenye warsha ya kupambana na umaskini. Ukutani palikuwa na bango kubwa la shirika lako. Nikamwona Mama pichani pale, amevaa gauni lake lililochanika la zizini, na chini yake umeandika kwamba familia za milimani ni maskini kwa sababu wazazi hawathamini elimu.

Mama huyu, Isack? Aliyeuza ng'ombe na mbao za nyumba yake ili ufike chuo kikuu? Vitabu vya uchumi hata mimi nimevisoma. Ukitaka sababu, andika hii: bei ya kahawa ilianguka, na kilichobaki tulikupa wewe, ukaondoka nacho.

Nilimuuliza kuhusu ile picha uliyompiga, bila kumtajia bango. Akasema Krismasi iliyopita alikuvalia kitenge cha kanisani, ukamwambia, "Hapana, Mama, vaa lile la zizini." Alidhani unapenda kumwona akiwa kazini.

Habari za bango nilimficha, lakini mke wa mchungaji akamwambia. Mama hakulia. Amelifua lile gauni na kulitundika nyuma ya mlango.

"Mwambie mdogo wako aje Krismasi," amesema. "Atanikuta nimeshalivaa, asipate taabu ya kuniagiza."

Nimekwambia.

Dada yako,
Eunike