Mama Ameficha Ufunguo wa Lango Nisikimbie

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kwa kuwa mimi ni mtu mwoga naona heri niseme mapema lile ambalo nikilichelewesha nitaogopa kulisema: sitaacha. Nakuandikia nipate njia ya kuendelea, kwa hiyo kama jibu lako ni "mtii mama yako, kijana", basi nafasi hiyo ya gazeti mpe msomaji mwingine.

Mimi ni karani wa masjala katika ofisi ya umma, sijaoa, kazi yangu ni kupokea majalada, kuyapanga na kuyatafuta yanapotakiwa, na kwa kuwa makabati yamekizunguka kiti changu naweza kukaa tangu asubuhi hadi jioni bila kunyanyuka ila kwenda msalani. Naishi na mama, wawili tu. Baba alifariki nikiwa mdogo, naye alikuwa karani kama mimi. Asubuhi moja alichelewa, akatoka langoni mbio huku bado anafunga vifungo vya shati, akaanguka kwenye ngazi za ofisi yake na hakuamka tena. Tangu siku hiyo nyumba yetu haikimbii. Sifanyi mzaha. Mama alikwenda shuleni kumwambia mwalimu wa michezo kwamba mtoto wake asikimbizwe, nikawa mlinzi wa mashati, wenzangu wakicheza mimi nimekaa kando nimepakata nguo zao kama yaya. Mvua ikinyesha watu wote wanakimbia, sisi tunatembea na kulowa. Na basi likianza kuondoka mama hunishika mkono na kusema litakuja jingine.

Sasa mwaka huu kichwa kilianza kunigonga, hasa nikiinama kutafuta majalada ya droo za chini, nikaenda hospitali, na daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, akanipima shinikizo la damu, akarudia kupima, kisha akaniuliza baba yangu yuko wapi. Nilipomweleza akasema, "Damu hii ni ya mtu wa umri wa baba yako, si ya kijana. Kila asubuhi tembea haraka mpaka jasho likutoke, kabla hujakalia hicho kiti."

Nilianza siku iliyofuata. Nilimdanganya mama kwamba ofisini tumeamriwa kuwahi, naye maskini akawa anaamka bado kuna giza anikaangie mayai, na mimi raba zangu nimezificha kwenye mkoba wa kazi, nikifika nyuma ya ghala la nafaka nabadilisha viatu. Mwanzoni nilitembea kama nilivyoagizwa, ila siku moja miguu yenyewe ilianza kukimbia, na sijui nikueleze vipi, mtu uliyelelewa ukijua kwamba ukikimbia utakufa, unakimbia mpaka mwisho wa ukuta wa ghala na unajikuta bado upo, unahema, makamasi yanakutoka, na u hai. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Tangu hapo kichwa kimepunguza kugonga, na hata bosi aliponitupia lawama za jalada lililopotea nilimwambia, kwa adabu lakini bila kutetemeka, kwamba alilichukua mwenyewe na liko mezani kwake chini ya gazeti. Wenzangu walinitazama kama walioona bubu akiimba.

Kisha jirani yetu fundi cherehani, ambaye hufungua kibanda chake mapema, akamwambia mama kwa nia njema kabisa kwamba mwanao siku hizi anakimbia, tena ana mbio nzuri. Mama hakugomba. Aliketi palepale kizingitini. Kesho yake nikakuta lango lina kufuli na ufunguo kaufunga kwenye pindo la nguo yake, na mpaka leo hulifungua jua likishapanda, saa ya kwenda kazini tu, nami natoka na viatu vya ngozi huku ananisindikiza kwa macho mpaka kona. Chakula cha asubuhi amekiacha, hakili. Alimwita na mjomba, akaja akajaa kwenye kochi, akasema haraka haraka haina baraka, halafu akaniuliza, "Mtu mzima anayekimbia alfajiri ama kaiba ama anafukuzwa na mbwa. Wewe ni yupi?" Nikamjibu, "Nafukuzwa, mjomba. Na kinachonifukuza ndicho kilichomkamata baba." Sijui maneno yale yalitoka wapi, mimi ambaye kwa mjomba huwa sinyanyui hata macho. Mama akasema kwa sauti ndogo sana, "Nimeshazika mmoja kwa ajili ya mbio. Huyu wa pili anizike mimi kwanza." Mjomba akaniambia nitazame kazi ya ulimi wangu.

Siku hizi narukaruka mahali pamoja chumbani, peku, juu ya godoro nililolishusha sakafuni ili mama asisikie, lakini anasikia, anagonga ukuta. Na ukuta wa uani nimeupima kwa macho, naona naweza kuuparamia. Mshauri, mama nampenda kuliko mtu yeyote duniani na sina mwingine. Nikiruka ukuta naogopa mshtuko utamuua, na nisiporuka naogopa nitaanguka kwenye ngazi kama baba. Naogopa huku, naogopa kule. Lakini sitaacha. Niambie tu nitokee wapi.

Mimi, Mlinzi wa Mashati

MSHAURI ANAJIBU

Mlinzi wa Mashati, kumbe nafasi yangu gazetini unaigawa wewe! Nimekusamehe, maana aliyepata ujasiri ukubwani huupigia kelele kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya. Wala sitakuambia uache. Ukiacha nitakuja mwenyewe kukugongea dirisha.

Ila kaa nikuseme. Wewe unayesoma majalada ya watu, hebu soma na barua yako. Daktari alikuambia utembee haraka. Wapi alisema ukimbie? Eti miguu "yenyewe" ilianza. Miguu haina akili, mwanangu, ndiyo maana imewekwa chini kabisa. Una damu iliyopanda, una baba aliyeanguka akiwa kijana, kisha unapiga mbio nyuma ya ghala mahali ambapo ukidondoka atakayekuona ni paka. Hapo mama yako ana haki kuliko mnavyojua nyote wawili. Wiki hii hii rudi kwa daktari akupime tena, maana "kichwa kimepunguza kugonga" si kipimo, na umuulize kama kukimbia umeruhusiwa. Akisema bado, tembea. Kutembea si aibu.

Na usiende peke yako. Nenda na mama. Aingie, aketi, amuulize daktari kwa kinywa chake lile swali alilolibeba tangu siku aliyofiwa: je, ni mbio zilizomuua mume wangu? Mimi si daktari, sitamjibu. Najua tu kwamba hakuna aliyewahi kumjibu, kwa hiyo alijijibu mwenyewe, na jibu hilo akakulea nalo.

Kuhusu uongo wako sina huruma. Mama anaamka gizani kukaanga mayai kwa ajili ya ofisi ambayo bado imefungwa, halafu habari za mwanawe anazipata kwa fundi cherehani! Ungekuwa wangu ningefunga lango na madirisha. Mwombe radhi kwa uongo, na umweleze waziwazi kwamba kwa mazoezi huombi radhi. Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye, na wala asikuchanganyie.

Ukuta usiuguse. Anayetoka nyumbani kwao kwa ukuta ni mwizi, na wewe hujaiba kitu, mjomba apende asipende. Yeye naye mwambie akitaka kuihukumu miguu ya watu asubuhi, aje na ya kwake.

Sasa nisikilize vizuri. Mtu wa nyumba yenu alitoka kwenye lango lile mbio, na hakurudi. Mama yako aliona kutoka tu, kurudi hakuona, na tangu hapo kila anayekimbia kwake ni mtu anayekwenda moja kwa moja. Wewe ulifika mwisho wa ukuta wa ghala, ukajikuta u hai, ukacheka. Ulicheka peke yako! Kitu kimoja ambacho kingemtuliza ukakificha pamoja na raba.

Mkishatoka kwa daktari, asubuhi inayofuata vaa raba mbele yake. Mwambie unakwenda mpaka kona ile anayokusindikizia kwa macho, kisha unageuka, na umwombe afungue lango kwa mkono wake na asimame hapo. Nenda kwa mwendo ulioruhusiwa, geuka, rudi. Siku hiyo usiombe zaidi. Baadaye utaomba kona ya pili. Atalia? Atalia. Mwache alie na wewe uende, maana ukirudi machozi yale yatakuwa na kazi nyingine. Akikunyima ufunguo, zunguka uani mbele ya macho yake kila kukicha mpaka achoke kukufungia. Lakini chumbani kwa kujificha juu ya godoro, hapana, iwe mwisho. Umelinda mashati ya wenzako vya kutosha.

Na kila ukirudi, hata ukikuta lango li wazi na yeye amesimama hapo hapo anakutazama, piga hodi. Ipige kwa nguvu. Nyumba hiyo inaidai hodi moja tangu asubuhi ile.